BITI YA KUSAWAZISHA MBAO: TUCHAGUE KWA HESABU, SI KWA UKUBWA

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mafundi wa mbao katika mkutano wa tawi. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Najua wako watakaosema kwamba Chama ni cha kupigania mishahara, saa za kazi na livu, na kwamba mambo ya biti za mashine yaachwe huko huko karakana. Mimi sikubali. Biti ndiyo inayogusa mbao, na mkono ulio karibu nayo ni mkono wa fundi, si wa tajiri wala wa karani. Biti isiyofaa huharibu ubao, na fundi hukatwa pesa. Biti isiyofaa huchelewesha kazi, na mtu anayelipwa kwa kila meza hupata pungufu. Na biti isiyofaa ikivunjika, vipande vyake haviulizi ni nani aliyetoa amri. Basi jambo hili ni la mshahara na ni la usalama, na mahali pake ni hapa.

Kazi ninayoitaja ni ile ya kusawazisha mbao pana, zinazopasuliwa kutoka gogo zima pamoja na gome lake pande zote mbili. Watu wa mahoteli, maofisi na nyumba nzuri wazipenda kwa meza. Mafundi wa Gikomba na wa Ngong Road kule Nairobi wazijua sana. Ubao wa namna hiyo huwa na upana wa sentimita 70, 80, hata mita moja. Ukikauka hupinda na kujinyonga. Mashine za kuranda zilizo katika karakana zetu ndogo haziwezi kupitisha ubao mpana hivyo. Kuranda kwa mkono kwawezekana, nako ni kazi ya heshima, lakini ubao mmoja wa mvule waweza kumla mtu siku nzima na mabega yake.

Kwa hiyo mafundi hutumia rauta. Huweka reli mbili zilizo sawasawa kando ya ubao. Juu ya reli huweka kigari cha mbao chenye mwanya katikati, na juu ya mwanya huo huiweka rauta. Rauta husukumwa kwenda na kurudi, kigari husogezwa kidogo kidogo, na biti hukwangua vilima vyote mpaka uso wa ubao ulingane na reli. Ni njia nzuri. Haihitaji mashine ya mamilioni. Lakini swali ambalo wanachama wameleta mbele ya Kamati mara nyingi ni hili: Ni biti gani inayofaa?

Wengi hudhani jibu ni rahisi. Biti pana hufagia mahali papana, basi nunua iliyo pana kupita zote. Ndugu zangu, hapo ndipo ajali huanza. Anayetaka kuchagua biti asianze kutazama biti. Aanze kutazama mashine.

MKIA NA KOLETI

Tazama kwanza koleti, yaani kile kibano kinachoshika mkia wa biti. Rauta ndogo hushika mkia wa robo inchi, ambayo ni milimita 6.35. Nyingine hushika milimita 8. Rauta kubwa hushika nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mkia wa nusu inchi una unene mara mbili tu ya ule wa robo inchi, lakini nguvu yake ya kukataa kupinda si mara mbili. Ni mara 16. Hii ndiyo sababu biti pana zenye mkia mwembamba hutetemeka, hupiga kelele, huacha mawimbi katika ubao, na mwisho hukatika.

Kuna jambo jingine ambalo limewaumiza watu. Katika maduka yetu huuzwa biti za vipimo vya inchi na biti za vipimo vya milimita, zikiwa zimechanganywa katika sanduku moja. Mkia wa milimita 6 si sawa na robo inchi. Mkia wa milimita 12 si sawa na nusu inchi. Kwa macho hutaona tofauti, lakini koleti itaiona. Mkia mwembamba kidogo ndani ya koleti pana kidogo hushikwa vibaya, hata ukikaza kwa nguvu zako zote, na katikati ya kazi biti hushuka au kuruka. Nenda dukani na kipimo chako, au peleka koleti yenyewe.

MWENDO WA MAKALI

Tazama pili mwendo wa mashine. Rauta nyingi huzunguka mara 20,000 na zaidi kwa dakika. Hesabu hiyo ni ya mashine. Makali ya biti yana mwendo wao wenyewe, nao hukua pamoja na upana wa biti. Tufanye hesabu. Biti ya milimita 12 ikizunguka mara 22,000 kwa dakika, makali yake hukimbia karibu kilomita 50 kwa saa. Fungia mashine hiyo hiyo biti ya milimita 64, usiguse kitu kingine. Sasa makali yakimbia kilomita 265 kwa saa. Hakuna matatu inayokimbia hivyo, hata ile ya dereva asiyependa maisha. Kipande cha chuma kikitoka katika biti hiyo, huja kwako kwa mwendo huo.

Kwa hiyo desturi ya kazi ni hii. Biti isiyozidi milimita 25 yaweza kuzungushwa mpaka mara 22,000 au 24,000. Ikiwa kati ya milimita 25 na 50, punguza ufike 16,000 au 18,000. Ikizidi milimita 50, shuka mpaka 12,000, na kwa vyo vyote usipite 16,000. Tena biti nzuri huandikwa mkiani mwendo ambao haipaswi kuupita. Maandishi hayo ni sheria. Yashinda maneno ya muuza duka, na yashinda maneno ya msimamizi pia. Na rauta isiyo na kifaa cha kupunguza mwendo isifungwe biti pana hata siku moja. Hapa hakuna ubishi.

AINA NNE ZA BITI

Sasa tuje kwa biti zenyewe. Nitataja aina nne zinazofaa kazi hii.

Ya kwanza ni biti iliyonyoka yenye makali mawili, ya upana wa milimita 12 mpaka 25. Ni rahisi, hupatikana kila mahali, na mashine ya wastani huiweza. Lakini igeuze uitazame chini. Biti nyingine za namna hii zimenolewa ubavuni tu, maana zimetengenezwa kwa kupiga mifereji na kulainisha kando. Katika kusawazisha, kazi kubwa hufanywa na tako la biti. Kama chini hakuna makali, itasugua na kuunguza badala ya kukata.

Ya pili ni biti fupi ya kusafisha tako la shimo, ile ambayo mafundi wa milango huitumia kuchimbia bawaba. Makali yake ni mafupi na tako lake limenolewa vizuri, nayo hupatikana mpaka upana wa milimita 30 hivi. Kwa kuwa ni fupi, haitetemeki sana, na uso inaouacha ni safi. Kwa rauta ya wastani hii ndiyo ningeitafuta kwanza. Upungufu wake ni kwamba haifiki mbali. Sakafu ya kigari ikiwa nene, biti huishia ndani ya mwanya bila kugusa ubao.

Ya tatu ni biti ya bakuli. Tako lake ni bapa, lakini pembe zake zimeviringwa. Biti yenye pembe kali huacha mstari mkali kila inapopita. Hii huacha bonde dogo laini ambalo msasa hulimaliza upesi. Lakini kwa kuwa sehemu iliyo bapa ni ndogo kuliko upana wote wa biti, yakubidi usogeze kigari kidogo zaidi kila mara.

Ya nne ni ile biti pana iliyotengenezwa hasa kwa kusawazisha, ya milimita 38 mpaka 64. Nyingi kati ya hizo hazina makali yaliyochomelewa. Zina visu vidogo vya kabaidi vya pembe nne, vilivyofungwa kwa skrubu. Ukingo mmoja ukichoka, wafungua skrubu na kugeuza kisu upate ukingo mpya. Kisu kimoja kina kingo nne. Ni biti ya thamani na hudumu sana. Lakini yataka mkia wa nusu inchi, yataka mashine yenye nguvu ya wati 1,500 au zaidi, na yataka mwendo uliopunguzwa. Ukikosa hata moja katika hayo matatu, biti hii si yako.

Na kama biti ni ya visu vya skrubu, uwe na mazoea haya. Geuza visu vyote kwa wakati mmoja, kisichoke kimoja na kingine kikabaki kikali. Futa vumbi katika kitako kabla ya kufunga, maana chembe moja ya vumbi huinua kisu na kukifanya kifanye kazi peke yake. Kaza skrubu kwa ufunguo wake, na zikague kila asubuhi.

HESABU YA KAZI

Nasikia wengine wakisema moyoni: Lakini biti pana ni ya upesi, na sisi twalipwa kwa kila meza. Haya, tuhesabu pamoja.

Chukua ubao wa urefu wa mita 2.4 na upana wa sentimita 80. Fundi wa kwanza ana biti ya milimita 20, naye husogeza kigari milimita 15 kila mara. Atapita mara 160, na rauta itakuwa imetembea mita 128. Fundi wa pili ana biti ya milimita 50, naye husogeza milimita 40. Atapita mara 60 tu, sawa na mita 48. Ukitazama hapo, wa pili amemshinda mwenzake mara mbili na zaidi.

Lakini hatujahesabu kina. Biti ya milimita 20 katika mashine ya kutosha yaweza kushuka milimita 3 kwa mara moja. Biti ya milimita 50 haifai kushuka zaidi ya milimita moja au moja na nusu. Basi wa kwanza akata milimita 15 kwa 3, ambayo ni 45. Wa pili akata milimita 40 kwa moja na nusu, ambayo ni 60. Tofauti si mara mbili tena. Ni theluthi moja tu. Na kama mashine ni ndogo ikalazimika kusukumwa polepole, theluthi hiyo nayo hupotea, na mota huanza kunuka. Mwenye biti ya milimita 20 atakuwa amemaliza meza wakati mwenzake anapeleka mashine kwa fundi wa umeme.

Faida ya kweli ya biti pana huonekana mwishoni, katika kupita kwa mara ya mwisho, ubao ukiwa umekwisha kuwa sawa na kubaki nusu milimita tu ya kuondoa. Hapo huacha mistari michache. Kwa hiyo karakana yenye akili hutumia mbili: nyembamba kwa kuondoa vilima, na pana kwa kumalizia.

Hata hapo yataka mashine isimame wima kabisa. Tuseme kigari kimelala upande kidogo tu, nusu milimita katika kila milimita 100. Biti ya milimita 20 itaacha ngazi ya sehemu moja ya kumi ya milimita, msasa waiweza. Biti ya milimita 50 itaacha ngazi ya robo milimita. Hiyo utaisikia kwa ukucha, na mnunuzi ataiona rangi ikipakwa. Sakafu ya kigari nayo isilegee katikati. Ikilegea, ubao wako utakuwa na bonde, nawe utailaumu biti bure.

MBAO ZENYEWE

Si kila ubao hula biti sawasawa. Saiprasi ni laini, lakini mafundo yake huruka na utomvu wake hushika makali. Ukiona biti imeshika weusi, itoe, isugue kwa maji ya moto na sabuni na mswaki mkuukuu, kisha ikaushe. Biti nyingi zinazotupwa hazijaisha. Ni chafu tu.

Mvule ni mbao ya sifa, lakini una siri moja. Ndani ya mvule mara nyingine hukaa mawe, mawe ya chokaa kweli kweli, ambayo mti wenyewe uliyatengeneza ulipokuwa hai. Biti ya chuma cha kawaida ikigonga jiwe hilo, imekwisha. Kabaidi huvumilia zaidi, lakini nayo huweza kumeguka. Kwa mvule shuka milimita moja kwa mara moja, na sikiliza. Sauti ikibadilika, simama.

Miti iliyokatwa kandokando ya barabara, kama mijakaranda na miembe, huwa na misumari iliyopigiliwa na wabandika matangazo miaka mingi iliyopita. Mataruma ya zamani ya reli huwa na mawe na vyuma. Pitisha sumaku au kifaa cha kutafutia chuma kabla ya kuwasha mashine. Hapa ubaya wa biti pana waonekana tena: yenye visu ikigonga msumari, yaweza kurusha kisu kizima.

Tena usisawazishe ubao mbichi. Kanuni ya wazee wa kazi ni mwaka mmoja wa kukauka kivulini kwa kila inchi moja ya unene. Ukisawazisha mapema, utapinda tena ukiwa nyumbani kwa mnunuzi. Ondoa kiasi kilicho sawa juu na chini, acha milimita mbili za akiba, ulaze ubao siku kadhaa, ndipo umalize.

KUTUMIA BITI

Biti ikiwa nzuri na matumizi mabaya, hasara ni ile ile. Nitasema machache.

Chomoa waya ya umeme ukutani kabla ya kubadilisha biti. Kuzima swichi hakutoshi. Ingiza mkia wote ndani ya koleti, kisha uurudishe nje milimita tatu hivi, ndipo ukaze. Usivute biti nje ili ifike chini zaidi. Kama haifiki, inua ubao kwa kuweka vipande chini yake, au punguza unene wa sakafu ya kigari. Inua ubao, usivute biti. Neno hili likumbukeni hata mkisahau mengine yote niliyosema.

Rauta ukiitazama kutoka juu huzunguka kama mishale ya saa. Ukiisukuma kwenda mbele, sehemu ya ubao ambayo haijakatwa iwe mkono wako wa kushoto. Hapo ubao huirudisha mashine nyuma, nawe waitawala. Ikiwa mkono wa kulia, biti hujivuta yenyewe na kukimbia na mikono yako. Ukirudi, rudi mahali palipokwisha kukatwa.

Ubao ushikwe imara kwa kabari na skrubu ambazo ziko mbali na njia ya biti. Vaa miwani ya kazi. Ziba masikio. Usivae glavu wala mikono mirefu inayopepea karibu na biti inayozunguka.

Na vumbi, ndugu zangu. Kazi hii hutoa vumbi jingi sana. Mwaka 1995 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani kundi la vitu ambavyo imethibitika vyaleta saratani kwa binadamu. Vumbi hili laileta ndani ya pua na mianzi yake. Vumbi la mvule huleta pumu na kuwasha ngozi. Mgrivilia nao huwasha ngozi za wengine. Kitambaa kilichofungwa puani si kinga. Yatakiwa barakoa ya vumbi ya kweli, na pakiwezekana mashine ya kunyonya vumbi. Biti kali nayo ni kinga, kwa kuwa hutoa maranda makubwa yanayoanguka chini. Biti butu husaga ubao ukawa unga unaoelea hewani.

NI NANI ANUNUE?

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenileta hapa kama mwana Chama.

Katika karakana nyingi tajiri hutoa mashine, na fundi huambiwa ajinunulie biti. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme biti nzuri ni shilingi 3,000 na fundi hulipwa shilingi 1,500 kwa kusawazisha ubao mmoja. Basi fundi huyo amefanya mbao mbili bure ili aweze kufanya ya tatu. Atafanya nini? Atanunua ya bei rahisi isiyo na maandishi mkiani. Ikiwa butu hataitupa, ataisukuma kwa nguvu. Na kwa kuwa malipo ni kwa kila ubao, atashuka milimita tano badala ya mbili. Kila hatua katika hizo huusogeza mkono wake karibu na hatari, na mwisho watu husema fundi alikuwa mzembe. Huyo si mzembe. Ni mtu aliyehesabiwa vibaya.

Nchi yetu ina sheria. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwenye kuajiri ahakikishe kwamba mashine na namna ya kazi ni salama, na atoe vifaa vya kujikinga. Yasema tena kwamba mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na katika kamati hiyo wafanya kazi wawe na wajumbe wao. Sheria ya Fidia ya Majeraha ya Kazini, nayo ya mwaka 2007, yamtaka mwenye kuajiri awe na bima, na ina jedwali la viungo vya mwili, kidole kwa kidole. Ni vizuri kujua jedwali hilo. Ni vizuri zaidi kutolihitaji.

Kwa hiyo naomba wawakilishi wetu wa karakana wayapeleke mambo manne mbele ya matajiri. Kwanza, biti ihesabiwe kuwa sehemu ya mashine, inunuliwe na mwenye mashine, na isikatwe katika mshahara. Pili, fundi awe na haki ya kuikataa biti iliyopasuka, iliyo butu au isiyolingana na koleti, wala asiadhibiwe kwa kuikataa. Tatu, malipo ya kila ubao yapangwe kwa mwendo wa salama, kwa hesabu kama tuliyoifanya leo, na ubao wa mvule usilipwe sawa na wa saiprasi. Nne, miwani na barakoa zitolewe na kubadilishwa, si kuonyeshwa tu siku mkaguzi anapokuja.

Msiende na maneno matupu. Nendeni na hesabu. Mwonyesheni tajiri mita 128 na mita 48. Mwonyesheni mota iliyoungua na ubao wa mvule uliotobolewa ni hasara ya kiasi gani kwake mwenyewe. Tajiri asiyesikia habari za vidole vyetu husikia upesi habari za mota yake. Basi tuanze na anachosikia, mradi tufike kwenye vidole.

Na ninyi mafundi wa jua kali msio na tajiri, shaurianeni. Mafundi watano wakichanga wanaweza kununua biti moja pana iliyo nzuri na rauta moja ya nusu inchi yenye kupunguza mwendo, wakazitumia kwa zamu kwa kumalizia, huku kila mtu akibaki na biti yake nyembamba ya kuondolea vilima. Wekeni daftari: nani alichukua, siku gani, na makali yalirudi katika hali gani. Kitu cha watu wengi bila daftari huwa kitu cha ugomvi.

Ndugu zangu, kesho kutwa mtarudi kazini. Kabla ya kuwasha mashine, jiulizeni maswali matatu. Mkia huu ni sawa na koleti? Mwendo huu ni sawa na upana? Kina hiki ni sawa na ubao? Jibu la hata moja likiwa hapana, zimeni mashine na mumwite mwakilishi wenu. Hiyo ndiyo kazi yake, na ninyi nyote mko nyuma yake.